Bandari Hufia Mlimani

Jina la Efeso halihitaji kutambulishwa Arusha. Katika sharika zilizoenea kuanzia Ilboru hadi Nkoaranga, waraka wa Paulo kwa Waefeso husomwa na kuhubiriwa, na watoto wa kipaimara huikariri mistari yake. Habari za Demetrio, yule mfua fedha aliyeuchochea mji mzima ukafurika katika ukumbi wa michezo, zinajulikana hata kwa wasiokanyaga kanisani mara kwa mara. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza mji ule uliishia wapi. Uliporwa na Wagothi, ukatikiswa na matetemeko ya ardhi, na kila mara wenyewe wakaujenga upya. Kilichoumaliza ni udongo.

Efeso ulikuwa mji wa bandari. Mto Kaystros uliteremka kutoka bara, ukapita katika bonde pana lenye mashamba, ukamwaga maji yake baharini karibu na mji. Meli zilileta ngano ya Misri, divai na marumaru, zikaondoka na bidhaa za Asia. Kutoka ukumbi ule wa Demetrio hadi gatini ilijengwa barabara ya marumaru, urefu wake kama nusu kilometa, yenye nguzo pande zote mbili. Baadaye ikawashiwa taa usiku, jambo ambalo miji michache sana ya wakati ule iliweza kujivunia. Leo barabara hiyo inaishia kwenye matete. Bahari iko zaidi ya kilometa tano mbele.

Namna ilivyotokea ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini. Mwanajiografia Strabo, aliyeishi zama za kuzaliwa kwa Yesu, anasimulia kwamba katika karne ya pili kabla ya Kristo mfalme Attalus wa Pergamon alitaka meli kubwa za mizigo ziingie Efeso bila taabu, ilhali tope la mto lilikuwa limeanza kupunguza kina. Yeye na wajenzi wake wakaamini kwamba mlango wa bandari ni mpana mno. Ukibanwa kwa ukuta wa mawe, kina kitaongezeka. Ukuta ukajengwa. Matokeo yakawa kinyume kabisa. Hapo awali bahari ilipojaa na kupwa iliweza kulizoa tope na kulipeleka nje. Sasa tope likafungiwa ndani, na bandari nzima, hadi mlangoni, ikawa na kina kifupi kuliko mwanzo.

Wakaja Warumi na fedha zao. Katika miaka ya 60 ya karne ya kwanza, miaka michache tu baada ya Paulo kuondoka, gavana Barea Soranus alichimbua tope na kuifungua bandari. Mwaka 129 watu wa Efeso walimshukuru Kaisari Hadrian kwa maandishi ya jiwe kwa kuifanya bandari ipitike tena na kuugeuza mto uliokuwa ukiiharibu. Katika karne hiyo hiyo gavana Antonius Albus akatoa amri, nayo ikachongwa kwenye jiwe: wafanyabiashara wa mbao wasirundike magogo gatini, na mafundi wa marumaru wasipasue mawe pale, kwa maana uzito wa magogo unaharibu nguzo na unga wa mawe unajaza kina.

Amri hiyo ya Albus inanigusa kuliko habari nyingine zote za mji ule. Alikuwa mtawala mwenye kuona tatizo na mwenye nia ya kulitatua. Sheria yake ilikuwa ya haki na sina shaka ilihitajika. Lakini zipange hatua zote hizo kwa mfululizo, kuanzia ukuta wa Attalus hadi jiwe la Albus, uone zilichukuliwa wapi. Zote zilichukuliwa bandarini au mlangoni mwa mto. Katika habari zilizotufikia hatumwoni hata kiongozi mmoja akipanda bondeni kutazama misitu inavyofyekwa, mbuzi wanavyochungwa kwenye miteremko na mashamba yanavyoachwa wazi wakati wa mvua. Fundi wa marumaru alizuiliwa kwa sababu ya unga wa msumeno wake, huku mto ukishusha milima.

Mileto, pale Paulo alipowaita wazee wa Efeso na kuagana nao kwa machozi, ulipatwa na yale yale, tena vibaya zaidi. Mbele ya bandari yake kilikuwapo kisiwa cha Lade, ambako mwaka 494 kabla ya Kristo Wagiriki na Waajemi walipigana vita vikubwa vya majini. Kisiwa hicho leo ni kilima katikati ya mashamba. Mkulima anaweza kukipanda bila kulowesha viatu.

Sasa turudi nyumbani. Mtu anaweza kusema kwamba habari za bandari hazituhusu sisi tunaoishi zaidi ya kilometa 300 kutoka pwani. Zinatuhusu, kwa sababu mvua inayonyesha kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru ina bandari yake. Naura na Ngarenaro hupita katikati ya jiji na kuungana na Themi. Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai hushuka upande wa mashariki. Maji hayo yote huelekea Kikuletwa, unaopokea pia mito ya Kilimanjaro kama Kikafu na Weruweru, kisha huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Mto Pangani hupita chini ya milima ya Upare na Usambara, ukafika Korogwe na Hale, na mwisho, baada ya safari ya takriban kilometa 500, humwagika Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani.

Njia hiyo ya maji ilikuwa pia njia ya watu. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za misafara katika pwani hii. Wapagazi walitoka pale na shanga, masango ya shaba na nguo za amerikani, wakafuata bonde la mto hadi Arusha Chini, kwenye nchi ambayo leo ina mashamba ya miwa ya TPC, kisha wakapanda kuelekea Kilimanjaro, Meru na Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Watumwa nao walisukumwa kwenye njia hiyo kuelekea pwani, na wengine waliishia katika mashamba ya miwa ya Pangani yenyewe. Aibu hiyo ni sehemu ya utajiri wa bandari ile na haifai kufichwa. Waarusha waliohamia chini ya Meru mnamo miaka ya 1830 walitoka huko huko Arusha Chini, kwenye mkondo huo huo wa maji. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, aliijua nchi ya bara kiasi kwamba msafiri wa Kizungu Joseph Thomson aliandamana naye katika safari yake ya 1883 na 1884, na mwaka 1887 msafiri mwingine wa Kizungu, Teleki, naye akamtegemea alipoanza safari yake kutoka Pangani na kupita chini ya Meru.

Lakini Pangani ilikuwa na kasoro. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga. Majahazi yalingoja maji yajae ndipo yaingie, na meli kubwa za moshi zilitia nanga nje, mizigo ikavushwa kwa mashua. Kwa muda mrefu kasoro hiyo ilivumilika kwa sababu mto ulikuwa mlango wa bara, na hapakuwa na mlango mwingine ulio bora kuelekea Meru na Kilimanjaro. Kisha mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, na hawakuianzia Pangani. Waliianzia Tanga, penye ghuba pana iliyotulia. Reli ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na Arusha mwaka 1929. Kahawa ya Meru, ambayo karne moja kabla ingeshuka kwenye njia ya misafara, ikapita kwenye mataruma ya Tanga. Pangani, mji ambamo Abushiri aliwasha moto wa upinzani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata, ukabaki na nyumba zake nzuri za mawe, minazi yake na ngalawa.

Hapa nataka kuwa mkweli. Fungu lile halikuwekwa na mkulima wa Poli wala mfugaji wa Kisongo. Mto, mawimbi na maji kupwa na kujaa ndivyo vilivyolijenga, na lilikuwapo kabla ya sisi. Kilichoamua ni reli. Ila bandari yenye kina kifupi huishi kwa subira ya wafanyabiashara tu, na siku wanapopata njia nyingine subira huisha. Pwani yetu inalijua hilo tangu kale. Rhapta, soko la mwisho la Azania lililotajwa katika kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, limetafutwa na wataalamu kuanzia mlango wa Pangani hadi delta ya Rufiji. Mji uliouza pembe za ndovu kwa meli zilizotoka Arabuni haujaonekana kwa uhakika hadi leo, na wapo wanaoamini kuwa umefunikwa na mashapo ya mto.

Tukipanda mlimani, tunakuta kwamba Meru kwa asili yake ni mlima unaotoa udongo. Una urefu wa mita 4,562, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na sehemu kubwa ya miteremko yake ni majivu na vifusi vya volkano: ardhi yenye rutuba ya ajabu, lakini nyepesi, isiyoshikamana inapovuliwa nguo. Wazee wa Kimeru na Kiarusha waliijua tabia hiyo. Shamba lao lilikuwa na miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa ilipokuja ikapata kivuli chake, na maharage na majimbi yakatambaa ardhini. Tone la mvua lilipiga jani, likadondokea jani lingine, likafika chini limeshaishiwa nguvu.

Utaratibu huo haukuvunjika kwa uzembe wa wenyeji peke yake, na anayewalaumu wakulima bila kutaja historia hawatendei haki. Serikali za kikoloni zilikata mashamba ya walowezi kuuzunguka mlima kama pete, watu wakabanwa kati ya mashamba hayo na msitu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngarenanyuki na nyumba zao zikachomwa ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 msemaji wao, Kirilo Japhet, aliipeleka kesi hiyo Umoja wa Mataifa, New York. Watawala walioziba masikio wakati huo ndio hao hao waliokuwa wakihubiri hifadhi ya udongo vijijini. Ukimnyima mtu ardhi tambarare utamkuta analima korongo, na ukibana ng'ombe wengi kwenye malisho madogo, kwato zao zitafungua mifereji.

Kisongo, magharibi mwa jiji, ndipo hesabu ya jambo hili ilipofanywa wazi. Palikuwa na lambo lililojengwa kwa ajili ya mifugo mwishoni mwa ukoloni. Miaka kama kumi baadaye watafiti walipima tope lililokusanyika ndani yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Eneo linalolisha lambo lile halifiki hata kilometa za mraba kumi, nchi ya malisho yenye njia za ng'ombe na makorongo, na kila kilometa moja ya mraba ilikuwa ikishusha takriban mita za ujazo 480 za mashapo kwa mwaka. Hizo ni makumi ya lori za udongo kutoka kila kilometa, kila mwaka, zikiingia kwenye maji ya kunywesha ng'ombe. Lambo lilikuwa linaelekea kujaa ndani ya umri wa kijana mmoja. Wafugaji walipewa maji yaliyokuwa yakigeuka ardhi mbele ya macho yao, na ardhi hiyo ilikuwa malisho yao wenyewe.

Upande wa pili wa vilima vya Monduli hali ni ya namna hiyo hiyo. Utafiti wa karibuni kuhusu Ziwa Manyara umeonyesha kwamba mashapo yanayoingia ziwani yameongezeka mno katika karne iliyopita, na kwamba Mto Makuyuni ndio unaoleta sehemu kubwa. Makorongo yanayoonekana kando ya barabara ya Makuyuni, mengine yakiweza kumeza nyumba, ndiyo chanzo. Na jiji lenyewe linakua: Arusha ilihesabiwa watu 416,442 mwaka 2012 na 617,631 mwaka 2022. Kila paa jipya na kila ua lililosakafiwa hurudisha mvua kwenye mtaro, mtaro huipeleka Themi, na mto uliopata maji mengi kwa ghafla hula kingo zake.

Udongo huo wa kusini mwa Meru haufiki Pangani siku hizi, angalau si wote. Unakutana na Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lilikamilishwa katika miaka ya 1960, linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni moja, na ndilo linalotuliza mto ili mitambo ya umeme iliyo chini, ule wa Hale na ule wa Pangani wenye megawati 68 uliozinduliwa mwaka 1995, ipate maji hata kiangazi. Maji yanapoingia bwawani hupunguza mwendo, na yanapopunguza mwendo huacha mzigo. Kwa hiyo bwawa ni chujio. Kila kilo ya udongo wa Meru inayotua pale huchukua nafasi ya maji.

Na huko chini Pangani taabu imekuja kwa mlango mwingine. Pwani iliyozoea kulishwa mchanga na mto ikipunguziwa riziki hiyo, mawimbi huanza kula ufuo. Maji ya mto yakipungua kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji na mabwawa, maji ya chumvi hupanda juu zaidi kwenye mkondo, na Pangani wamelalamikia mambo yote mawili, ufuo unaoliwa na maji ya mto yanayoingia chumvi. Kupanda kwa kina cha bahari kunazidisha madhara. Tope lisilotakiwa limejaa kwenye bwawa, na mchanga unaotakiwa haufiki pwani. Nikiitazama hali hii namkumbuka Attalus na ukuta wake. Sisemi bwawa lisingejengwa. Nyumba nyingi za Arusha, yangu ikiwamo, zinawaka taa kwa umeme unaochangiwa na mto huo. Ninachosema ni kwamba ukijenga ukuta mtoni bila kushughulikia kinachoshuka kutoka juu, unakuwa umechagua tu mahali tope litakapokaa.

Tena si kwamba nchi hii haikuwahi kuona watu waliolielewa tope. Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna mabaki ya mashamba yaliyolimwa kati ya karne ya 15 na ya 18. Yanafunika takriban hekta 2,000, yote yakiwa na mistari ya mawe na mifereji iliyovuta maji kutoka kwenye vijito vinavyoshuka kwenye ukuta ule. Kwa muda mrefu wageni walistaajabia mifereji tu. Wanaakiolojia waliochimba zaidi wakagundua jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mifereji yenyewe: sehemu ya mashamba yale ilitengenezwa na tope. Wakulima walipanga kuta fupi za mawe kukatiza maji ya mafuriko. Maji yalipunguza mwendo, yakaacha mashapo, ardhi ikanyanyuka. Ukuta ulipokaribia kufunikwa uliongezwa mawe, na msimu uliofuata mto ukaleta tabaka jingine. Shamba likakua kuelekea juu, mwaka baada ya mwaka, kwa udongo ambao ungekwenda kujaza nyanda za chini bila faida.

Watu wa Engaruka hawakuwa na taasisi ya utafiti. Sisi tunayo, pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo wataalamu wake wamefanya kazi na wafugaji wa Monduli kuhusu makorongo hayo hayo. Ujuzi wa matuta ya fanya juu na fanya chini umekuwapo vijijini kwa miongo mingi, pamoja na kupanda majani ya tembo kwenye kingo za matuta, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe wa ndani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nenda kingo za Themi uone mita hizo zinavyoheshimiwa: vibanda, bustani, mashimo ya mchanga na taka. Sheria yetu inafanana sana na jiwe la Albus, maana nayo imewalenga walio karibu na maji, wengi wao maskini wenye jembe na toroli, wakati korongo linafunguka kilometa kumi juu yao.

Kinachokosekana ni malipo, na hapa nasema bila kuzunguka. Mkulima wa Ilkiding'a anayechimba tuta kwenye mteremko hupoteza mistari ya mahindi mahali tuta linapopita, hutoa siku zake za kazi na kununua miche. Faida yake anaiona kidogo, tena baada ya misimu kadhaa. Faida kubwa huenda kwa mitambo ya Hale, kwa wavuvi wa Nyumba ya Mungu, kwa mashamba ya miwa ya Arusha Chini na kwa mamlaka za maji. Hao wote hutumia maji ya bonde moja, na watumiaji wakubwa hulipa ada kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani iliyoko Moshi. Sehemu iliyotajwa waziwazi ya ada hiyo irudi mlimani kama ujira wa kuchimba matuta na bei ya miche, ilipwe kupitia serikali za vijiji, ikaguliwe tuta kwa tuta, na kazi ianzie kwenye vijito vya juu kabisa kabla ya kushuka. Kazi hiyo hufanyika Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na mashamba yakiwa wazi, kwa sababu masika ya Machi yakishaanza hakuna anayeweza kuchimba korongoni.